Bi. Mary Bethune: Mkuu wa Chuo Aliyeanza na Dola Moja na Nusu

Wako watu ambao hukumbuka kuwatumikia wananchi baada ya kupewa cheo. Marehemu Bi. Mary McLeod Bethune wa Marekani hakuwa hivyo. Yeye alitumika kwanza, cheo kikamfuata.

Alizaliwa tarehe 10 Julai 1875 karibu na Mayesville, katika jimbo la South Carolina, akiwa mtoto wa 15 kati ya 17. Wazazi wake waliwahi kuwa watumwa. Alichuma pamba akiwa angali mdogo, na alipopata nafasi ya kwenda shule ya misheni, aliyojifunza mchana aliwafundisha jamaa zake jioni.

Baadaye alisoma Chicago, nia yake ikiwa kuja Afrika kuwa mmishonari. Ombi lake likakataliwa, kwani Wamarekani weusi hawakupewa kazi hiyo. Jambo hilo lilimchoma moyo, lakini hakukaa kulia. Aligeuka akawa mwalimu wa watu wake huko huko kusini.

Tarehe 3 Oktoba 1904 alifungua shule mjini Daytona, Florida, akiwa na dola 1.50 tu. Wanafunzi walikuwa wasichana 5, pamoja na mwanawe Albert. Makasha yaligeuzwa meza, vijiti vilivyoungua vikawa kalamu. Mwalimu mwenyewe alioka pai za viazi vitamu na kuziuza ili apate fedha, kisha akabisha hodi kwa matajiri bila haya. Kiwanja alichokinunua kilikuwa jaa la taka.

Lakini hakuyafunga macho yake ndani ya ua wa shule. Mwanafunzi wake mmoja alipougua, hospitali ya wazungu ilimlaza barazani nyuma ya jengo. Bi. Bethune akafungua hospitali ya weusi mwaka 1911. Wanawake walipopata haki ya kupiga kura mwaka 1920, aliwafundisha weusi kusoma ili wasinyimwe haki hiyo. Kundi la Ku Klux Klan lilifika shuleni usiku kumtisha kabla ya uchaguzi. Hakukimbia. Kulipokucha, yeye na wenzake walikwenda kupiga kura.

Mwaka 1923 shule yake iliungana na ile ya wavulana ya Cookman, na kikatoka chuo alichokiongoza hadi mwaka 1942. Katika miaka hiyo hiyo aliongoza chama cha kitaifa cha wanawake weusi, akaanzisha Baraza la Taifa la Wanawake Weusi mwaka 1935, na mwaka uliofuata akaingia katika serikali ya Rais Franklin Roosevelt kushughulikia vijana weusi waliokosa kazi na masomo.

Afrika aliyonyimwa ujanani aliiona uzeeni. Mwaka 1952 alitumwa Liberia kuiwakilisha Marekani wakati Rais Tubman alipoapishwa.

Alifariki tarehe 18 Mei 1955, akazikwa katika uwanja wa chuo chake. Mwaka 2022 sanamu yake iliwekwa katika jengo la Bunge la Marekani kwa niaba ya Florida, jimbo ambalo zamani lilimtenga kwa rangi yake.

Somo la maisha yake ni wazi: chuo kisichojali mgonjwa, mpiga kura na maskini walio nje ya lango lake, hakijamaliza kazi yake.