Ibn Battuta: Aliisifu Kilwa, Nachingwea na Ruangwa hakufika

Mwaka 1331 chombo kutoka kaskazini kilitia nanga Kilwa Kisiwani. Ndani yake alikuwamo kijana wa miaka 27 kutoka Tangier, Morocco. Anaitwa Ibn Battuta, na alichokuja kusimulia baadaye bado kinategemewa na kila anayeandika historia ya pwani ya Lindi.

Alizaliwa 1304 kwenye ukoo wa makadhi. Akiwa na miaka 21 aliaga nyumbani kwenda Hija, na safari hiyo ya Makka ikamchukua karibu miaka 24 kurudi. Misri, Uajemi, India, Maldivi, China, kote alipita.

Afrika Mashariki alianzia Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akashuka Kilwa. Mji ulimkosha. Aliuweka kati ya miji mizuri na iliyojengwa vizuri zaidi, ingawa alikumbuka nyumba za mbao. Hapo kumbukumbu huenda ilimchezea, maana msikiti mkuu wa mawe ulikuwepo, na jumba la Husuni Kubwa ni la zama hizohizo.

Utajiri wenyewe ulitoka wapi? Leo Nachingwea na Ruangwa kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu, kwa hiyo ni rahisi kudhani ni hukuhuku. Siyo. Dhahabu ya Kilwa ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikapitia bandari ya Sofala, Msumbiji ya sasa. Pembe za ndovu ndiyo habari nyingine, maana bara nyuma ya Kilwa tembo walikuwepo.

Sultani wa wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, alisifika kwa ukarimu. Kisa ambacho Ibn Battuta alikishuhudia ni hiki: baada ya sala ya Ijumaa, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaenda kubadilisha, akampa. Mtoto wake akazikomboa zile nguo kwa kumpa fakiri watumwa 10. Sultani aliposikia watu wanavyomsifu, akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe.

Watu 20 kwa siku moja, kama zawadi. Msimulizi alivutiwa na mtoaji. Hao 20 ni nani, wametoka kijiji gani, hakusema hata neno.

Ila alidokeza kitu. Alieleza kuwa Kilwa ilikuwa ikipigana na majirani zake wa bara wasio Waislamu, na kwamba sultani aliongoza mashambulizi, akarudi na ngawira na kutenga sehemu yake ya tano. Bara ya Kilwa ndiyo huku ziliko leo Liwale, Nachingwea na Ruangwa. Hakutaja mto, kilima wala kabila lililoshambuliwa, kwa hiyo kusema moja kwa moja ni Wamwera itakuwa kubahatisha.

Alieleza pia kuwa wakazi wengi wa Kilwa walikuwa weusi sana, wenye chale usoni. Yeyote aliyewahi kumwona bibi wa Kimwera au wa Kimakonde mwenye chale atashtuka kidogo. Siyo ushahidi, chale zilikuwa za makabila mengi, lakini inaonyesha kuwa watu wa mji ule hawakuwa wageni kutoka ng'ambo kama wengi walivyofundishwa zamani.

Kwa upande wa bara, kalamu yake haisaidii. Wanaakiolojia wanabaki na vigae vya vyungu na mavi ya chuma, yaani mabaki ya watu waliokuwa wakilima na kufua chuma karne nyingi kabla yake.

Baada ya al-Hasan kufa alitawala ndugu yake Daud, ambaye mwombaji akija alijibiwa kwamba mtoaji ameshakufa na hakuacha kitu.

Ibn Battuta mwenyewe aliondoka Kilwa kwa chombo kwenda Dhofar, Oman. Alirudi kwao 1349, akaenda tena hadi Mali. Kwa amri ya sultani wa Morocco alimsimulia mwandishi aitwaye Ibn Juzayy safari zake zote, kazi ikakamilika 1355. Yaani ya Kilwa aliyasema zaidi ya miaka 20 baada ya kuyaona. Akamalizia maisha yake Morocco, akiwa kadhi.