J.L.B. Smith, mutu wa samaki mumoja

Smith alikuwa mwalimu wa kemia Afrika ya Kusini, lakini moyo wake ulikuwa kwa samaki. Mwisho wa 1938, wavuvi wa East London walinasa samaki ambaye wasomi walisema aliisha miaka zaidi ya milioni 60. Kwa bahati mbaya, matumbo yalitupwa. Smith akatafuta mwingine miaka 14, akituma karatasi zenye picha, hata kwa Kifaransa, na zawadi ya pauni 100. Desemba 1952, kule Komoro, Ahamadi Abdallah alikuwa karibu kuuza mumoja sokoni. Mwalimu mumoja akakumbuka ile karatasi. Smith akafika na ndege ya jeshi, akamuona, akalia. Wavuvi wa Komoro walikuwa wanamujua toka zamani: gombessa, nyama isiyo tamu. Smith alikufa 1968.