Speke: Aliona mbali, akakosa karibu

UKIPANDA mawe ya Mwanza, Ziwa Victoria unaliona bila darubini. Agosti 3, 1858, Mwingereza John Hanning Speke alisimama juu ya kilima pande hizo hizo, akatazama maji yasiyo na ng'ambo, akaamua pale pale kwamba hicho ndicho chanzo cha Mto Nile.

Speke alizaliwa Mei 4, 1827. Akiwa na miaka 17 alijiunga na jeshi la Bengal, India, na likizo zake alizimalizia milima ya Himalaya akiwinda. Kwa bunduki, jamaa alikuwa fundi.

Leo walenga shabaha wana ubishi wao: ufunge juu ya bunduki kioo chenye nukta nyekundu, au darubini inayokuza? Jibu ni umbali. Nukta ni ya karibu: macho yote mawili wazi, unalenga chapchap, na pembeni unaona. Darubini ni ya mbali: shabaha inakuwa kubwa, lakini vilivyo pembeni na miguuni pako vinapotea. Enzi za Speke wawindaji wengi walitegemea alama za chuma juu ya mtutu, na macho yao.

Macho hayo yalimtesa. Februari 1858 alifika Ujiji na kiongozi wake, Richard Burton. Burton hakuweza kutembea kwa maradhi, Speke alikuwa karibu kipofu, Ziwa Tanganyika akaliona kama ukungu. Waliporudi Tabora, Burton alibaki. Speke, macho yamepata nafuu, akaelekea kaskazini na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa mkalimani wake, hadi Mwanza.

Alikaa siku chache tu, ziwa hakulizunguka, akageuza. Burton akagoma kukubali. Hapo ikazaliwa dabi.

Mwaka 1860 Speke alirudi Afrika na James Grant. Mwaka 1862 alimzawadia Kabaka Mutesa wa Buganda bunduki ya Whitworth. Miaka hiyo hiyo, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, baadhi ya Whitworth zilikuwa zimeshafungwa darubini. Julai 28, 1862 akafika Jinja, akauona mto ukitoka ziwani.

Wabishi hawakunyamaza, kwa sababu hakuufuata mto wote. Septemba 16, 1864 yeye na Burton walitarajiwa kukutana mjini Bath, Uingereza, mbele ya wataalamu. Mechi haikuchezwa. Siku moja kabla, Speke alikwenda kuwinda ndege. Akipanda ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake mwenyewe, isiyokuwa na kizuizi cha usalama, ilifyatuka na kumpiga kifuani. Alikuwa na miaka 37. Uchunguzi ulisema ni ajali, ingawa wapo wanaodai alijiua.

Mwaka 1875 Henry Stanley alilizunguka ziwa kwa boti, akianzia Kageye, karibu na Mwanza. Akathibitisha kuwa ni ziwa moja kubwa, na mlango wa Nile ni ule ule. Speke alikuwa sahihi, na ghuba iliyo mashariki mwa jiji bado ina jina lake.

Shuti la mbali lilitinga wavuni. Kilichommaliza ni mtutu uliokuwa kifuani pake, umbali ambao hakuna darubini inayousaidia.