Charles Reep: Mzae Aliyehesabu Kila Pasi, Lakini Akasahau Swali Moja

Kabla uchome doh kwa mkeka wikendi hii juu umeona timu fulani iko na namba kali, kuna mzae unafaa kumjua. Anaitwa Charles Reep, na alikuwa anahesabu boli kabla mtu yeyote ajue xG ni nini.

Reep alizaliwa Uingereza mwaka wa 1904, akasomea uhasibu, halafu akaingia jeshi la anga. Mwaka wa 1933 alisikiza Charlie Jones wa Arsenal akieleza vile kikosi cha Herbert Chapman kilitumia mawinga. Wasee wa Arsenal, mmeona? Hii stori ilianzia kwenu.

Sasa cheki. Machi 18, 1950, Reep ako uwanjani, Swindon Town wanacheza na Bristol Rovers. Swindon wanashambulia weee, lakini wapi! Mzae akachoka nao. Saa kumi kasoro dakika kumi akatoa penseli na daftari, akaanza kuandika kila shambulizi: pasi ngapi, mpira umetoka wapi, umeishia wapi. Hakuwacha tena. Alinakili mechi zaidi ya 2,000 kwa mkono, bila kompyuta. Za usiku alivaa kofia yenye taa, ile ya wachimba migodi, ndio aone anachoandika.

Makocha wakaanza kumsaka. Brentford walimchukua 1951 wakichungulia kushuka daraja, na wakapona. Kisha akawa anamsaidia Stan Cullis kule Wolves, timu iliyobeba ligi mara ya kwanza 1954.

Mwaka wa 1968, yeye na mtakwimu Bernard Benjamin wakatoa utafiti wao. Namba kubwa ilikuwa hii: karibu mabao 8 kwa kila 10 hutoka kwa mashambulizi ya pasi tatu kushuka chini. Reep akaamua basi, wacheni kubembeleza mpira, pigeni mbele chap chap.

Hapo ndo alichanganyikiwa. Tuseme mtaani kwenu boda ni 90 na tuktuk ni 10. Mwezi ukiisha, ajali 8 ni za boda na 2 ni za tuktuk. Utasema boda ndo hatari? Zii! Tuktuk mbili kati ya kumi zimeanguka, boda hata moja kwa kumi haijafika. Kwa boli ni vivyo hivyo: zaidi ya 90% ya mashambulizi hufia kwa pasi tatu au chini. Kama hayo yote yanaleta 80% pekee ya mabao, basi zile pasi nyingi chache ndo zinalipa zaidi. Jibu lilikuwa kwa daftari lake mwenyewe.

Na si ati ilikuwa makosa ya karatasi tu. Miaka mingi vijana wengi Uingereza walifunzwa kubutua mpira juu, na wenye miguu laini wakaonekana wanachelewesha gemu.

Reep aliaga 2002 akiwa na miaka 97, bado anaamini namba zake. Heshima kwake, kila klabu kubwa leo iko na watu wa kazi yake. Lakini wewe ukionyeshwa namba tamu, uliza lile swali alilosahau: kati ya ngapi?