Stanley Gill, kijana aliyeilazimisha kompyuta iseme imekosea wapi

Wadau, leo tuziweke siasa pembeni kidogo. Nawaletea jamaa mmoja Mwingereza, Stanley Gill, aliyefariki mwaka 1975. Waliosoma uhandisi watakuwa wamelisikia jina lake kwenye ile njia ya hesabu inayoitwa Runge-Kutta-Gill. Mimi lakini namleta kwa jambo jingine. Alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kukuna kichwa juu ya swali ambalo mpaka leo linawagombanisha waandishi wa programu: ukiwa na kifaa chepesi cha kusaka makosa, na kinafanya kazi, unakiongezea mambo au unakiacha hivyo hivyo?

Gill alizaliwa tarehe 26 Machi 1926 Worthing, mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Shuleni alikuwa mtu wa maigizo. Mwaka 1943 akapata udhamini wa serikali, akaenda Cambridge, chuo cha St John's. Mwaka 1947 akaingia maabara ya taifa ya vipimo kule Teddington, ambako ilikuwa inajengwa mashine ya Pilot ACE iliyotokana na michoro ya Alan Turing. Baadaye akarudi Cambridge, na hapo ndipo mambo yananoga.

Cambridge kulikuwa na kompyuta inaitwa EDSAC, ilianza kazi Mei 1949. Usifikirie laptop. Hili lilikuwa dude la kujaza chumba, lenye vali kama 3,000 za aina ya zile za redio za zamani, na kumbukumbu yake ilikuwa mirija yenye zebaki. Kumbukumbu yenyewe mwanzoni ilikuwa na nafasi 512 tu za kuweka amri na namba. Simu yako ya tochi inaicheka! Programu ilitobolewa kwenye utepe wa karatasi, utepe unasomwa, mashine inaanza. Na watu wako foleni wanasubiri zamu.

Sasa basi, mkuu wa maabara, Maurice Wilkes, aliandika programu yake moja fupi, mistari 126 hivi, ikawa na makosa kama 20. Baadaye alikuja kusimulia jinsi alivyokuwa akipanda ngazi za jengo lile ndipo ikamjia kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ataimalizia kutafuta makosa ya programu zake mwenyewe. Mtu mzima na elimu yake!

Wakati ule programu ikikwama, mtu alikaa mbele ya mashine akibonyeza kitufe, amri moja moja, huku akichungulia vidoti kwenye vioo vinavyoonyesha kumbukumbu. Inafanya kazi, sikatai. Lakini wewe ukikaa pale nusu saa unachungulia, foleni nzima imesimama kwa ajili yako. Mashine ni moja jamani.

Dawa ya kwanza ilikuwa rahisi mno. Programu ikishakufa, unaingiza utepe mfupi ambao kazi yake ni kuchapa kilichobaki kwenye sehemu fulani ya kumbukumbu, basi. Wakaipa jina la uchunguzi wa maiti. Unachukua karatasi yako, unakwenda kusoma mezani, mwenzako anaingia. Tatizo ni lile lile la maiti: inakuonyesha hali ya mwisho, haikwambii njia iliyopitwa mpaka kufika pale.

Hapo ndipo Gill akaja na lake. Akaandika programu inayoikagua programu nyingine. Inachukua amri ya kwanza, inachapa herufi yake, inaitekeleza, inakwenda ya pili. Kwenye EDSAC kila aina ya amri ilikuwa na herufi: A kujumlisha, S kutoa, T kuhamisha jibu kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo unapata karatasi yenye msururu wa herufi, na ukiifuatisha na kidole unaona kabisa ni wapi mashine iliacha njia ikaingia porini.

Ila ilikuwa na gharama, na hapa msinipite haraka. EDSAC ilitekeleza amri kama 650 kwa sekunde, wakati mashine ya kuchapa ilitoa herufi sita na ushee tu. Kazi ya dakika moja, ukichapa herufi kwa kila amri, inakula zaidi ya saa moja na nusu! Halafu kikaguzi chenyewe kinakaa kwenye zile zile nafasi 512. Kila unachokiongezea kinamnyang'anya mwenye programu nafasi.

Na sababu za kuongeza zilikuwepo, tena nzuri. Herufi zinaonyesha njia lakini hazionyeshi namba, na kuna makosa ambayo njia imenyooka kabisa ila hesabu imeharibika. Halafu ya nini kuchapa sehemu ambazo zilishapimwa zamani na zinajulikana ni nzima?

Gill hakurundika yote mahali pamoja. Kikaguzi cha herufi kikabaki cha herufi, kwa namba kikaandikwa kingine, na vikaguzi vikakaa kwenye maktaba ya tepu, kila kimoja na kazi yake. Unaangalia ugonjwa wako ndio unachagua tepu. Mwaka 1951 akachapisha makala kuhusu kuyatambua makosa ya programu kwenye EDSAC, na mwaka huo huo yeye, Wilkes na David Wheeler wakatoa kitabu cha kuandaa programu, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake.

Kuna watakaosema alibanwa tu na udogo wa mashine, angekuwa na kumbukumbu ya leo angerundika kila kitu. Mimi sikubaliani kirahisi. Kumbukumbu imekuwa kubwa kweli, lakini kichwa cha mtu aliyekaa saa nane usiku anatafuta kosa hakijaongezeka hata inchi. Ndio maana hadi leo vijana wenye zana nzito zenye madirisha kumi bado wanachomeka kimstari cha kuchapisha thamani na kuona kinachotokea. Wanafanya kile kile cha Gill. Lakini pia tusiwe wabishi: angegoma kuongeza chochote, wenye makosa ya namba wangerudi kuchungulia vioo na foleni ingesimama tena.

Ile njia yake ya hesabu niliyoitaja juu ni ya mwaka huo huo wa 1951, na nayo sifa yake ni kubana matumizi ya kumbukumbu. Mtu hakubadilika. Mwaka 1952 akafanya na utani: mchezo wa kondoo, kidoti kinachokaribia uzio wenye mageti mawili. Ukikinga kwa mkono mwanga wa kisoma utepe linafunguka geti la juu, ukiuacha linafunguka la chini. Ni kati ya michezo ya kwanza kabisa ya kompyuta duniani.

Akapata udaktari mwaka 1953, akafanya kazi kampuni ya Ferranti, mwaka 1963 akawa profesa Manchester na mwaka uliofuata Imperial College London. Mwaka 1967 hadi 1968 alikuwa rais wa chama cha kompyuta cha Uingereza. Alisafiri sana kuvishauri vyuo vikuu vya nchi mbalimbali vilivyotaka kuanzisha idara za kompyuta. Alipofariki alikuwa bado hajafika hata miaka 50.