MWENDA JEAN BOSCO NA DISIKI ZA ZAMANI

Wengi wetu tunapita kila siku kwa njia za Likasi bila kujua nani alipiga gitare hapa. Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 kule Bunkeya, muji wa M'siri. Mwaka 1952, wakati Likasi ingali inaitwa Jadotville, Hugh Tracey alifika na mashini ya kukamata sauti, akamukuta. Bosco alikuwa na miaka kama 22, tuseme kaka yetu tu! Alipiga kwa kidole gumba na kile cha shahada, lakini mutu akisikia anafikiri ni magitare mawili.

Wimbo wake Masanga ulitoka kwa disiki ya Gallotone. Disiki za wakati ule hazikuwa za plastiki. Zilitengenezwa na utomvu wa vidudu vya Uhindi, nzito, zinazunguka mara 78 kwa dakika, na upande moja unaisha kwa dakika tatu hivi. Ukiona ya namna ile, ujue si ya juzi: katika miaka ya 1960 za plastiki zilichukua nafasi yake. Zilifika mpaka Kenya, na vijana kule wakaiga vidole vyake. Yeye mwenyewe alikaa Nairobi, na mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani. Alikufa kwa ajali ya motokari mwaka 1990.

Nkambo wetu alikuwa na Masanga. Siku moja tuliitoa bila ruhusa, ikaanguka kwa sima: vipande vitatu. Hakutugombeza. Aliviokota, akavirudisha ndani ya karatasi yake, na mpaka leo viko kwa kabati.