Abdul-Latif al-Baghdadi na Mfupa wa Taya

Tukiulizwa madaktari wa Kiislamu wa zamani, wengi wetu tunamtaja Ibn Sina, labda na ar-Razi, kisha tunakwama hapo hapo. Basi leo tumtazame Muwaffaq ad-Din Abdul-Latif, aliyezaliwa Baghdad mwaka 1162 (557 Hijria).

Alianza kama tulivyoanza sisi: Qur'ani, Hadithi, nahau, fiqhi, na kuhifadhi kwingi. Halafu akaongeza falsafa na tiba. Alipotoka kwao alizunguka Mosul, Damascus, na Quds alikoonana na Sultan Salahuddin, na Cairo akasomesha katika msikiti wa Al-Azhar.

Mwaka 1200 mto Nile haukujaa. Misri ya siku hizo, Nile isipofurika hakuna shamba, na njaa ile iliendelea mpaka 1202. Watu walikula mizoga na mbwa, na wengine, Allah atuhifadhi, walikula binadamu wenzao. Abdul-Latif aliyaandika yote aliyoyaona katika kitabu chake kuhusu Misri. Si kitabu chepesi kukisoma, hasa ukiwa umefunga.

Sasa, alikuwa akiwasomesha wanafunzi elimu ya viungo kupitia vitabu vya Galen, tabibu wa Kiyunani aliyekuwa ameshakufa karibu miaka elfu moja. Wanafunzi hawaelewi. Maneno matupu hayaonyeshi mfupa! Wakasikia kwamba pale Al-Maqs, karibu na Cairo, kuna kilima cha mifupa ya waliokufa. Wakaenda.

Galen alikuwa ameandika kwamba taya la chini ni mifupa miwili iliyoungana kidevuni. Matabibu wote waliomfuata walikubali. Abdul-Latif akashika taya la kwanza, hakuona kiungo. La pili, hakuna. Akaendelea, akawaomba na wengine wakague bila yeye kuwepo, mpaka mafuvu yakapita 2,000. Yote taya ni mfupa mmoja. Hata hivyo hakuridhika, akaenda kukagua tena katika makaburi ya kale ya Busir. Hakumtukana Galen, alimheshimu sana, lakini alishikilia kwamba jicho ni shahidi mkubwa kuliko kitabu.

Kwani Galen alikosea vipi? Alipasua wanyama, si watu, na kuna wanyama kama mbwa ambao taya lao hubaki vipande viwili maisha yote. Sisi pia tunazaliwa na vipande viwili, ila vinashikana ndani ya mwaka wa kwanza. Ndiyo maana mtoto mchanga ana mifupa karibu 300 na mtu mzima 206: mingine huungana. Mfupa si jiwe. Kiasi cha thuluthi mbili ya uzito wake ni madini, zaidi kalsiamu na fosfeti, yanayoupa ugumu, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni protini ya kolajeni inayouzuia usivunjike kama kigae. Kwa umbo tunaigawa mirefu kama wa paja, mifupi ya kifundo cha mkono, bapa kama ya fuvu, na isiyo na umbo maalum kama pingili za mgongo. (Wa kidato cha nne, hii inawahusu!)

Ule mfupa wa chini ya mgongo, kati ya nyonga, Galen alisema ni sita. Abdul-Latif aliukuta mara ni sita kweli, mara ni mmoja. Leo tunajua ni pingili tano zinazoungana polepole mtu anapokua, kwa hiyo huenda aliona mifupa ya watu wa umri tofauti.

Huko Ulaya, Vesalius alilisema jambo hilo la taya mwaka 1543, zaidi ya miaka 300 baadaye, na wengi humpa yeye sifa yote. Abdul-Latif baada ya Misri alikaa Damascus, Aleppo na Erzincan, akitibu na kuandika. Uzeeni akanuia kwenda Hijja, akaona apitie Baghdad kwanza. Alifariki huko huko mwaka 1231 (629 Hijria), kabla hajafika Makka.